Siku Kikapu cha Memsahibu Kilipoingia Ukweni

Mkiniona nafunika uso nikisimulia, mniache tu, maana aibu niliyoiona Kendu Bay miaka ile ya kwanza ya Uhuru simtakii hata adui yangu. Na yote yalianza kwa sababu basi lilichelewa, na mimi tangu kuzaliwa sijui kukaa kitako nikisubiri kitu.

Jina langu Mwita, Mkuria wa Kegonga, na wakati huo nilikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mhindi, shule ya wasichana karibu na Homa Bay. Memsahibu (ndivyo nilivyomwita) hakula nyama, hakula samaki, hata yai halikuvuka mlango wa jiko lake. Mtu anaishi kando ya ziwa na samaki hali! Nilipoanza kazi nilimhurumia, nikidhani ni mgonjwa. Baadaye nikajua kwamba jiko lile halikosi utamu, mradi vitu vyake vya lazima viwepo: dengu nyekundu, za njano na za kijani, unga wa dengu, samli ya mkebe, manjano, jira, ukwaju, na ile gundi ya mti wanayoiita hing. Kipande kama punje ya mtama kinatosha sufuria nzima, na kikikaangwa kwa samli kinageuka kuwa kitamu ajabu. Lakini kikiwa kibichi, jamani, kinanuka kama mtu aliyekula maharagwe siku nzima halafu akafunga milango na madirisha.

Basi siku hiyo rafu zilikuwa tupu, na kesho yake mama mkwe wa Memsahibu alikuwa anafika kwa meli kutoka Kisumu. Memsahibu hatulii, anafungua mikebe na kuifunga kana kwamba dengu zitaota humo ndani. Akanituma kwenye duka la jamaa yake Kendu Bay. "Mwita, leta kila kitu, na rudi leo leo. Mama akikuta jiko tupu, mimi nitasema nini?" Nikajaza kikapu mpaka mpini ukalia, nikaenda kusimama barabarani. Basi halionekani. Nikatembea hapa, nikatembea pale, nikachungulia barabara mpaka macho yakauma.

Sasa, karibu na hapo ndipo kwao Akinyi, msichana niliyemposa. Mwanzoni ukoo wao ulikuwa hautaki kusikia habari za Mkuria, lakini waliposikia kwamba huyu ni karani wa shule wakalegea. (Nani aliwaambia mimi ni karani? Mimi mwenyewe. Niliulizwa kazi yangu, na mdomo ukajibu kabla sijaushika.) Hata Akinyi aliamini hivyo. Nikajiambia nipite nisalimie kidogo tu, nirudi kabla ya basi. Kikapu ningemwachia mwenye duka, lakini hapana, nilitaka waone mtu wa mshahara akitembea na mzigo.

Baba mkwe hakuwepo. Mama Akinyi aliketi upande wake wa mbali akitazama chini, kama inavyotakiwa mbele ya mkwe, na mimi upande wangu nikitazama mlango, na katikati akakaa shangazi yake Akinyi, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo. Akinyi akaniletea maji. Jua limewaka juu ya bati, nyumba joto, na mimi masikio yote yako barabarani kusikiliza basi. Ndipo ile hing ikaamka.

Shangazi akavuta pua, akanitazama. Akinyi akatazama ukuta. Nilitokwa na jasho mpaka kola ikalowa, maana harufu ile ukweni hakuna mtu atakayeuliza imetoka wapi, kila mtu anajua imetoka kwa mgeni! Nikajifanya naweka kikapu vizuri, nikakisogeza mbali nami kidogo, kisha kidogo tena, mpaka kikafika karibu na shangazi. Lahaula, yule mama akaelewa vingine kabisa.

"Ametuletea zawadi!" akapiga kigelegele. "Mwita, hii ni ya mama mkwe wako?"

"Ndiyo... hapana, yaani, kwanza..."

"Amesema ndiyo!"

Kabla sijameza mate, kikapu kiko nje juu ya mkeka na wamama wa jirani wamekizunguka. Kukidai tena ningewezaje? Wakatoa dengu. "Hii ni chakula ya kuku," mmoja akasema. Wakatafuta sukari, hakuna. Majani ya chai, hakuna. Wakafungua manjano, wakayafunga tena. Kisha shangazi akafungua karatasi ya hing, akairusha huko na kuruka nyuma.

"Yawa! Bilo! Huyu mtu ameleta bilo kwa nyumba yetu!"

Bilo ni dawa ya uchawi. Kigelegele kikageuka kilio. Mama mkwe akaondoka mkekani mbio bila kugeuka nyuma.

"Mwita," Akinyi akasema taratibu, "waambie hii ni nini."

Nikasimama pale nikipima mabaya mawili. Nikinyamaza, mimi mchawi. Nikisema ni viungo vya mboga, watauliza karani amejulia wapi viungo. Na kwa mbali nikasikia honi ya basi, ikapita, ikaenda zake Homa Bay.

"Ni ya kupika," nikasema.

"Nani anapika?"

"Mimi. Mimi si karani. Ni mpishi wa mwalimu."

Shangazi hakusadiki. "Kama ni chakula, pika hapa tuone. Na wewe utakula kwanza!"

Basi nikapika. Mwanamume mzima, uani kwa mama mkwe, nimepiga magoti mbele ya mafiga nikipuliza moto huku wanawake wamefunga mikono wakinitazama (na watoto juu ya ua). Lakini samli ilipopata moto na jira kuanza kupasuka, mikono ikakumbuka kazi yake, na akili nayo ikaifuata, mpaka nilipoepua sufuria nikajinyoosha, nikamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amerudi kuchungulia, na kuinama, nikasema kwa sauti ya kazini, "Chakula tayari, Memsahibu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilikula kwanza, sikufa, wakala wao. Shangazi alifuta sahani kwa ugali akaomba tena, na dengu zilizobaki zikagawanywa hapo hapo maana zawadi ni zawadi. Nikaanza kupumua. Nikaona kumbe nimeokoka.

Akinyi akanisindikiza barabarani kutafuta lori.

"Chakula yako ni tamu," akasema. "Shangazi amesema nikubali."

"Na wewe?"

"Mpishi ningekubali, Mwita. Lakini hao wamama wote niliwaambia naolewa na karani. Umenifanya mwongo kwa watu wetu na mimi sikujua." Akanipa kikapu, ndani kuna ukwaju peke yake, akarudi nyumbani. Niliumia, sitawadanganya. Niliumia miezi.

Memsahibu nilimweleza yote. Aliingia chumbani, nikamsikia akicheka mpaka akakohoa, ila kesho yake mama mkwe wake alikula wali mtupu na viazi, na kicheko kikaisha nyumba nzima.

Tangu hapo niliapa kwamba mtu akiniuliza kazi, nitaitaja hata kabla ya jina. Mke nilimpata baadaye kule Sori. Siku ya kwanza nilipofika kwao baba yake alinivutia kiti, na mimi kabla sijakigusa nikasema, "Mzee, mimi ni mpishi."

Mzee akanitazama juu mpaka chini. "Sawa," akasema, "lakini kaa kwanza."