Makumbi ya Bi Somoe

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mgeni Mtwara, mtu wa Moshi, bahari nimeijulia vitabuni. Ndimi niliyepewa kuongoza kambi ya wanafunzi ya kujifunza mazingira, karibu na mdomo wa Ruvuma.

Asubuhi ya kwanza maji yalipokupwa, niliona kwenye matope ya mikoko makumbi ya nazi tele, yale maganda ya nje yenye nyuzi, yamefukiwa na kukandamizwa kwa mawe. Uchafu! Wanafunzi wenyeji walitazamana wakanyamaza, maana nilikwisha kutangaza kwamba kambini msemaji ni mimi. Tukayafukua yote, tukayasukumia kwenye mkondo, bahari ikayachukua.

Wakati wa chakula nikahutubia juu ya usafi wa pwani. Nilihutubia vizuri, lazima niseme.

Bi Somoe, mpishi wetu, mwenyeji wa kijiji kile, akasimama na mwiko mkononi.

“Mwalimu, makumbi yangu yako wapi?”

“Yale mliyoyatupa?”

“Niliyoyafukia. Yamelala matopeni miezi sita yalainike, nisokote kamba.”

“Kamba gani?” nikauliza, bado nimetuna.

Akanyoosha mwiko kuelekea hema langu.

“Kama hizo ulizoazima kwangu jana, ukafungia hema.”