Muhuri Umefika Likasi

Kwa miaka tisa, kila Jumatatu, karani wa chuo kikuu pale Likasi alifunga faili za wanafunzi kwa kamba, mafundo mawili, zipande treni kwenda Lubumbashi kupigwa muhuri. Leo Likasi imepewa muhuri wake, na tangu asubuhi ameupangusa mara sita kwa kitenge chake. Mwanafunzi wa kwanza anauliza kwa mazoea, «Mama, nirudi mwezi gani?»

«Mwezi gani tena, citoyen? Ngoja hapa hapa!»

Anaugonga hadi meza inaruka, anaupuliza wino kama uji wa moto. Kisha vidole vyake, bila kumuuliza mwenyewe, vinaifunga faili mafundo mawili. Anaitazama, anacheka hadi machozi, anamsukumia mwanafunzi.

«Enda nayo na kamba yake. Hapa haina tena kazi.»