Ringi Niliyoinyoosha kwa Bawaba ya Mlango

Aliyeipinda ringi ya baiskeli yangu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nasema mapema, maana yeye aliwaambia watu kwamba mbuzi alimkatizia njia. Mbuzi hakuwapo. Palikuwa na mtaro, na shemeji alikuwa ametoka kunywa tembo.

Baiskeli ile ndiyo kitu pekee nilichopata kwa kwenda vitani Burma. Wenzangu wengine hawakurudi kabisa. Mie nilirudi, nikavua magwanda, nikazunguka miezi minane natafuta kazi, na waliotupeleka hawakutuuliza hata tunakula nini.

Hatimaye Mwarabu mmoja mwenye tanuri la mikate kule Kariakoo akasema ana tenga la kupeleka kuuza Kurasini, kwa makuli wa bandarini. Sharti lake lilikuwa moja: niwepo Jumamosi asubuhi na baiskeli nzima. Nisipofika, tenga anapewa mwingine. Shemeji, aliyekuwa ameiazima, aliirudisha baiskeli Alhamisi, gurudumu la nyuma limepinda kama kaimati iliyokaliwa.

"Bwana we, hicho ni chuma tu," mke wangu akamtetea. "Kaka angevunjika mguu je?"

"Mguu huunga wenyewe," nikamjibu.

Nikalibeba gurudumu hadi kwa fundi baiskeli wa Temeke. Huyu naye nina neno naye. Akinyoosha ringi alikuwa akijifunika gunia, mtu asione mkono wake. Akaniambia nirudi Jumatatu. Nikamweleza habari ya tenga, nikamsihi basi anifundishe tu, nitajifanyia mwenyewe.

Akacheka. "Askari mzima hujui? Kitu rahisi, ndugu yangu. Ringi ikilalia kushoto, kaza spoki za kushoto. Ikilalia kulia, kaza za kulia."

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Eti namshukuru mtu yule!

Spana ya spoki sikuwa nayo, na madukani haikuwapo. Nikaing'oa bawaba ya mlango wetu wa uani, nikaazima tupa, nikakaa nikiichonga pengo dogo la pembe nne, napima, nachonga, napima tena, mpaka ikaing'ata sawasawa ile nati ndogo inayoshika spoki kwenye ringi. Nilipoona imezunguka bila kuteleza, nilipiga yowe. Kisha nikachimbia vipande viwili vya boriti uani, nikavitoboa mapengo juu, nikalaza ekseli ya gurudumu humo. Kwenye kila boriti nikafunga njiti ya fagio la chelewa, ncha yake ielekee ringi. Ringi ikiyumba upande fulani, njiti ya upande ule inakwaruzwa, nasikia kabla sijaona.

"Mlango umeung'oa, fagio umelifumua," mke wangu akasema. "Kesho utataka chungu?"

"Kama kina nati."

Ijumaa asubuhi nikaanza kukaza. Ringi ilikuwa ikilalia kushoto, nikakaza za kushoto kama nilivyofundishwa. Ikalala zaidi. Nikasema nimekaza kidogo mno, nikaongeza. Njiti ya kushoto ikavunjika! Tayari namwona mtu mwingine na tenga langu.

Nikakaa chini nikalitazama gurudumu. Kitovu katikati, spoki zinavuta huku na huku. Mbona ni hema! Vitani tulisimamisha mahema mpaka viganja vikachubuka. Nguzo ikilala kushoto, nani mwenye akili atavuta kamba ya kushoto? Unavuta ya kulia, unalegeza ya kushoto. Fundi alikuwa amenipa maneno kinyumenyume, akitabasamu, ili nilivuruge gurudumu kabisa kisha nirudi kwake na kichwa chini.

Basi nilivyonyanyuka pale! Nikalegeza zote nilizokaza. Nikafunga njiti mpya. Robo mzunguko kukaza kulia, robo kulegeza kushoto, nazungusha, nasikiliza. Kwaru, kwaru. Tena. Kwaru. Mke wangu akaacha kuosha mchele, akaja kuchuchumaa upande wa pili.

"Huku inagusa," akasema. "Hapo. Hapo! Sasa haigusi."

Alasiri gurudumu lilizunguka kati ya njiti mbili, kimya, hata moja halikuigusa. Tulicheka kama wehu, mikono yetu myeusi kwa grisi.

Jumamosi Mwarabu aliinua baiskeli kwa nyuma, akalizungusha gurudumu, akalitazama kwa jicho moja. Akanifungia tenga kwa kamba za mkonge.

Hatua chache tu nimeanza kukanyaga, nyuma yangu nikasikia tik! Tik, tik! Nikajua spoki zinakatika zote. Nikashuka, nikazigusa moja moja. Zote nzima. Uzito wa mikate ulikuwa unazikalisha tu mahali pake. Nikapanda tena, nikaikanyaga barabara ya Kurasini, na kabla sijafika kwenye nyumba za makuli nilikuwa nimeshaanza kupaza sauti: "Mkate! Mkate moto!"