Kitambaa Kilichogusa Mfupa

Masalia ya mtakatifu yalipoletwa kanisani kwetu Doha, nilikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto na sijamwambia mtu. Niliogopa vibaya sana. Niliamini msimamizi wetu wa usafi hotelini akisikia tu, nitakatiwa tiketi ya kurudi Kenya, na wanangu wanasomeshwa na mshahara huu huu.

Masalia yenyewe yalikuwa kipande cha mfupa ndani ya kioo, kidogo kama punje ya mchele. Padri alitusimulia habari za mwenye mfupa: msichana wa Sisilia, enzi za Warumi, alimkataa liwali aliyemtaka, na liwali akaamuru akatwe matiti. Gerezani Mtume Petro akamtokea, akamponya. Kisha wakamburuza juu ya makaa, akafa bila kumkana Kristo. Wenzangu walipiga ishara ya msalaba. Mimi nilikunja mikono kifuani.

Zamu yangu ilipofika niligusisha kitambaa cheupe kwenye kile kioo, ndiyo desturi yetu, nikakitia ndani ya sidiria. Nikamwambia mtakatifu, wewe unajua, usinisumbue kwa maelezo.

Chumbani kwetu Al Rayyan, pembeni mwa Doha, naishi na Mtanzania, Mwislamu wa Tanga, mwenye ulimi mkali na roho safi. Alipoona kitambaa nilimsimulia yote, isipokuwa habari yangu.

"Masikini, mtoto wa watu!" akasema, na machozi yakamlengalenga.

Siku ya zamu yake ya kufua, nilichelewa kuamka, nikavua vyote na kuvitupa kwenye ndoo. Nilikikumbuka kitambaa nikiwa kwenye basi la kampuni. Siku mbili kabla nilikuwa nimekiona kina kidoa, nikajidanganya kwamba ni jasho. Kutwa nzima nilitandika vitanda vya wageni.

Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani, amejitanda khanga, kitambaa kikiwa mapajani mwake, hakijafuliwa.

"Dada, sikuthubutu kukitia maji," akaninong'oneza. "Yule binti wenu ametoa damu. Wallahi, mbichi kabisa! Mpigie padri wako."

Ningeweza kumpigia. Watu wangejaa pale kanisani, wangeimba, na mimi ningeimba nao. Lakini mama alizoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua.

Nikafungua vifungo vya sare.

"Si yake," nikamwambia. "Ni yangu."