Divai Tuliyompelekea Mzee wa Mgwashi

Nilipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa pale Lushoto, nilikabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyeigombea: kununua divai ya Meza ya Bwana. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Tanga, na mambo ya mvinyo sikuyajua hata kidogo. Kwa hiyo nilinunua kwa macho. Dukani palikuwa na chupa za kutoka ng'ambo zenye maandishi ya rangi ya dhahabu, zimesimamishwa rafu ya juu karibu na dirisha. Bei yake ilikuwa mara tatu ya divai ya hapa nchini, ile ya Dodoma. Niliona ndivyo inavyopasa. Kitu cha Mungu hakitafutiwi bei nafuu.

Mwaka wa pili mchungaji aliniomba nifuatane naye Mgwashi, kumpelekea sakramenti mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Ujana wake wote alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge kule bondeni, Mazinde. Tulimkuta kitandani, blanketi mpaka kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni."

Alipokea mkate, akapokea kikombe, akafumba macho. Nikaona uso unakunjamana. Alingoja mpaka mchungaji alipomaliza baraka na kutoka nje kupokea simu, ndipo akaniita kwa kidole.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Nimepokea kwa imani. Ila divai yako imekufa."

"Imekufaje, baba? Hiyo ni ya ng'ambo!"

"Najua. Imesafiri, ikaungua, sasa ni siki iliyovaa suti. Bwana wangu, yule meneja, alizilaza chupa zake chini ya sakafu, kwenye mchanga mbichi, maana lile joto la Mazinde lingeziharibu upesi. Wewe hii uliikuta wapi?"

"Dirishani," nikasema kwa sauti ya chini.

Niliona aibu njia nzima ya kurudi. Kumbe miezi yote ile washarika walikuwa wakikunja uso mbele ya madhabahu, nami nikidhani ni uzito wa toba.

Wiki chache baadaye nilirudi Mgwashi na chupa tatu. Moja ya Dodoma. Moja ya zabibu za hukuhuku milimani, niliyoichukua kwa jirani anayeitengeneza. Ya tatu ya ng'ambo, lakini safari hii dada yangu aliinunua Tanga kwenye duka linalozihifadhi mahali pa baridi. Nikammiminia mzee kidogo kidogo kwenye vikombe vya chai. Kila baada ya kuonja alisukutua kwa maji na kutafuna kipande cha mkate.

"Mwalimu, utamlewesha baba!" mkwewe akacheka kutoka mlangoni.

Ya Dodoma aliigeuza mdomoni. "Tamu mno. Sukari imeifunika. Lakini haina ugonjwa."

Ya milimani ikamfanya akodoe macho. "Kali hii! Inauma pembeni mwa ulimi kama plamu mbichi. Ila nzima. Harufu ya tunda bado imo."

Ile ya tatu aliinusa kwanza, kisha akaionja mara mbili. Nakiri nilikuwa naomba moyoni aseme yetu imeshinda.

"Hii ndiyo bora," akasema. "Tusidanganyane kwa kupenda vya kwetu. Lakini utaipata hivi kila mwezi?"

"Hapana, baba."

"Basi nunua ile ambayo ukienda kuichukua, unaona ilikolala."

Ile bora nilimwachia. Aliimaliza kwa siku tatu, akimwambia mkwewe kuwa ikishafunguliwa haingoji.

Kwenye baraza la wazee wa kanisa nilipendekeza ile ya milimani, na mmoja wetu akakasirika. "Damu ya Bwana tukanunue kwa jirani, tena kwa bei rahisi?" Nikawaeleza yote, hata habari ya dirisha. Mchungaji akasema, "Hata kwenye arusi ya Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai, hawakuagiza ng'ambo," watu wakacheka, na hoja ikapita kwa shida.

Tangu hapo tunatumia ya milimani. Si wote wanaoipenda. Nami bado naikumbuka ladha ya ile ya tatu, niliyoionja kijiko kimoja tu. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na sitasema vinginevyo ili nionekane mzalendo. Ila siku hizi, kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote dukani, nauliza kwanza kimekaa hapo tangu lini.