Punje ya Kumi na Tatu

Marehemu Bartholomeo Kalinga, mzaliwa wa Igowole, alipima damu kwa rozari. Kabla ya kuandika kwamba mgonjwa hana vimelea vya malaria, kazi ilimtaka atazame kwenye hadubini maduara mia ya tone lile lile, moja baada ya jingine. Macho yakizama, kichwa husahau hesabu. Kwa hiyo mkono wa kushoto ulishika rozari: duara moja, punje moja ndogo. Mzunguko mmoja hamsini, miwili mia.

Muuguzi Matilda alimtania dirishani. "Batho, hao wadudu unawapima au unawabatiza?"

"Nikiwapata nitakuita uwe mama wa ubatizo."

Ijumaa Kuu ya mwaka 1976, Nyamizi alifika kwenye hospitali yao ndogo ya misheni, kando ya barabara ya Mbeya. Alitoka Usangu, ambako Wasukuma wenzake walikuwa wamehamia na ng'ombe wao. Alimbeba Limbu, mwanawe wa miaka mitatu, aliyekuwa akiwaka homa na kukohoa. Bartholomeo alimtoboa kidole, akakausha damu kwenye kioo, akaitia rangi, akakaa. Alipofika punje ya hamsini, ubao uligongwa nje, maana siku hiyo kengele hazilii. Njia ya Msalaba ilikuwa inaanza, na aliyepangiwa kubeba msalaba ni yeye. Hamsini zote zilikuwa safi. Akajiambia zilizobaki haziwezi kuwa tofauti. Akaandika: Hakuna vimelea. Mtoto akapewa dawa ya kikohozi.

Jumatatu ya Pasaka Nyamizi alirudi peke yake, akaweka chupa mezani. Ilikuwa na dawa nusu.

"Limbu alikufa jana asubuhi. Nimeona nirudishe, labda iko mtoto mwingine anakohoa."

"Pole, mama."

Alipoondoka, Bartholomeo alikitoa kioo cha Limbu kwenye sanduku la vioo vya wiki. Mzunguko wa kwanza, safi. Mzunguko wa pili, punje ya kumi na tatu, aliviona: vipete vitatu vya samawati vyenye nukta nyekundu, vimetulia kana kwamba vilikuwa vikimngoja.

Hakuna aliyemuuliza. Lakini nyumbani, familia iliposali rozari, kila alipofika punje ya kumi na tatu sauti yake ilikatika. Mkewe Evarista alingoja, kisha akaipokea sala na kuimalizia.

"Umechoka, baba Crispin?"

"Kuna kitu kinanitazama."

Kitubioni alitaja dhambi zake nyingine zote.

Mwaka uliofuata Nyamizi alisimama tena mlangoni, binti yake Shija akitetemeka mgongoni.

"Ni wewe ulimtazama Limbu?"

"Ni mimi."

"Mtazame na huyu."

Vimelea vya Shija vilionekana kwenye duara la nne. Bartholomeo aliandika cheti, Matilda akakimbia nacho kufuata dawa. Hapo angeweza kunyamaza. Nyamizi angemshukuru na kwenda zake, na shukrani hiyo ndiyo asiyoweza kuibeba.

"Mama, Limbu nilimtazama nusu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusali. Ugonjwa ulikuwemo katika nusu niliyoiacha."

Nyamizi alimkazia macho hadi Bartholomeo akainama. Kisha mama akanyoosha mkono, akaichukua rozari asiyojua kuisali.

"Hii ndiyo ya kuhesabia? Kaa. Mimi nitahesabu."

"Vya Shija nimeshaviona, mama. Dawa inakuja."

"Kaa. Zote."

Akakaa. Yeye akisema "mbele", mama anasogeza punje. Mzunguko ukaisha, wa pili ukaanza. Kwenye punje ya kumi na tatu sauti ilikatika. Shija akakohoa mgongoni.

"Endelea, baba," Nyamizi alisema. Hakulia, wala hakusema amesamehe.

Shija alipona. Jioni ile Bartholomeo alimsimulia Evarista yote. Lakini mpaka alipofariki, Juni 1979, Mungu amrehemu, alikuwa bado anakwama kwenye punje ile. Kila mara alinong'ona, "Endelea, baba," ndipo akaendelea. Watoto walidhani ni sehemu ya sala. Evarista hakuwasahihisha.

Msibani aliongoza rozari yeye, mbele ya jeneza. Kwenye punje ya kumi na tatu sauti yake ilikatika, na watoto, bila kuambiwa, wakaitikia kwa pamoja: "Endelea, baba."