Kilo Tano za Wapishi

Mkasa huu ulinigharimu beberu mmoja, usingizi wa mwezi mzima na haki ya kufungua mdomo mbele ya ukoo, na bado haujaisha, ndiyo maana nawasimulia nikiwa nimechoka, sina hata nguvu ya kujitetea.

Mnanijua. Nanunua Kasese, nauza Bwera, na kila kitu nakihesabu mara mbili (hata chenji ya padri). Kwa hiyo Masika, binti wa marehemu kaka yangu, alipochumbiwa na kijana wa Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, ukoo ukanipa mimi kazi ya chakula cha siku wakwe watakapokuja kumchukua. Nikapata mchele kilo thelathini kwa bei iliyomfanya mwenye duka aniombe nisirudi tena. Mpishi wetu, Mama Kabugho, akanipa kanuni yake: "Chukua watu wako, gawa kwa nane, halafu ongeza kilo tano za wapishi na za wale wanaochungulia jikoni. Hapo umepata kilo."

Zikiwa zimebaki siku chache, msemaji wa wakwe, Papa Kambale, akapiga simu. "Mukwe, tukuje batu ngapi?"

Hapo ningesema nitakupigia. Lakini mtu wa soko hapendi kuonekana anafikiri. Kilo ninazo, nisiowajua ni watu, basi nikaigeuza kanuni ya Mama Kabugho kama tulivyofanya shuleni, yule asiyejulikana abaki peke yake upande wake: thelathini mara nane, mia mbili arobaini, toa tano za wapishi, mia mbili thelathini na tano. Sisi wa nyumbani tulikuwa mia mbili. Nikarudia, ikaja ile ile.

"Leteni thelathini na watano," nikasema, tena kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Siku ikafika. Wakwe wakacheleweshwa mpakani, watu wetu walioshuka kutoka Kyondo mlimani kwa miguu wakaanza kunung'unika, nikaamuru wapakuliwe kwanza. Wakala. Kisha wakwe wakaingia wakiimba, wakaketi hemani, wakanawishwa mikono, nami nikaenda jikoni kuagiza sahani.

Mama Kabugho alikuwa anakwangua sufuria. "Baba Muhindo, imeisha."

"Imeishaje? Bado watu thelathini na watano!"

"Hao uliniletea mchele wao lini?"

Nikarudi hemani nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi: nikaagiza wanawishwe tena. Papa Kambale akaitazama mikono yake ikidondosha maji.

"Mukwe, maji yenu iko muzuri sana. Sasa iko wapi kitu ya kushika na hii mikono?"

Watu wetu (walioshiba, jamani!) wakaangua kicheko. Nikamchinja beberu wangu, lakini nyama haiivi haraka kwa sababu mtu kaona aibu, na ilipoanza kunukia vizuri wakwe wakalazimika kuondoka kabla mpaka haujafungwa. Papa Kambale akanishika bega. "Mutoto tutamuchukua siku tutakula." Masika akabaki mlangoni na gauni lake, sanduku miguuni.

Nikakaa nyuma ya jiko, na hapo ndipo nikaona. Sokoni mnakubaliana kwanza, nyongeza inakuja mwisho. Nami zile tano nilizichukulia kama nyongeza, nikaziacha mwisho, nikazitoa kwenye watu wakati zilikuwa kilo! Mama Kabugho aliziweka mwisho, kwa hiyo mimi wa kurudi nyuma nilipaswa kuziondoa kwanza: zinabaki ishirini na tano, mara nane, mia mbili. Yaani sisi wenyewe tu. Ama ningenunua kilo nne na nusu zaidi, ama ningemwambia Papa Kambale asije hata yeye. Nilihesabu mara mbili, ndiyo, na mara zote mbili nilipita njia ile ile mbovu.

Sasa wakwe wamekubali kurudi wiki ijayo. Ila Papa Kambale amesema, kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba safari hii watakuja na sufuria zao, zimejaa. Masika anataka nikubali, yeye anachotaka ni kwenda kwake. Ukoo unasema mkwe akila chakula chake mwenyewe uani kwetu, hatutatembea tena Bwera tukiwa tumeinua uso. Nishaurini, tafadhali: nizipokee sufuria zao, au nikatae na nishike tena kalamu? Fanyeni upesi. Masika hajafungua lile sanduku tangu siku ile.